Karanga za Kongwa: Lengo Lisiloweza Kukataliwa

Kila mwaka ninaposahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, swali kuhusu kazi za msingi za uongozi wa taasisi hujibiwa vizuri kuliko maswali mengine yote. Wanafunzi huzitaja kazi hizo bila kukosea: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuongoza na kudhibiti. Huongeza kwamba lengo zuri ni lile lililo mahsusi, linalopimika, linalofikika na lenye muda maalumu. Lakini ninapowauliza darasani ni nani katika taasisi mwenye haki ya kusema kwamba lengo halifikiki, na atamwambia nani, ukumbi mzima hunyamaza.

Ukimya huo ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Nimeamua kulijibu swali hilo kwa historia, kwa sababu nchi yetu ina mfano mmoja ambao ungestahili kufundishwa katika kila darasa la uongozi na biashara. Ni Mradi wa Karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 na kuzikwa mwaka 1951. Mradi huu ulikuwa na kila kitu ambacho vitabu vyetu hukidai: lengo lenye tarakimu, bajeti, ratiba, wataalamu, na baadaye shirika maalumu lililoundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza. Wasomi wengi huutaja kama kichekesho cha wakoloni. Mimi nauona kama onyo ambalo halijapitwa na wakati.

Kwanza tukumbuke kazi hizi tunazozikariri zilitoka wapi. Mwaka 1916 Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyekuwa ameiongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma tangu 1888, alichapisha maandishi yaliyoeleza kwamba kuongoza taasisi ni kufanya mambo matano: kuona mbele na kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamrisha, kuratibu na kudhibiti. Walimu waliomfuata waliyapunguza yakawa manne. Neno alilolitumia Fayol kwa kazi ya kwanza lina maana mbili katika lugha yake: kutazama yajayo na kujiandaa kuyapokea. Alisema pia kwamba mpango mzuri una sifa nne: umoja, mwendelezo, unyumbufu na usahihi. Kuhusu udhibiti, alieleza kwamba kazi yake ni kubaini udhaifu na makosa ili yarekebishwe na yasirudiwe. Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa wa taaluma hii, mpango ulikusudiwa kuwa kitu kinachoweza kupinda, na udhibiti ulikusudiwa kuwa njia ya habari za chini kurudi juu. Haya mawili ndiyo yaliyokosekana Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Majarini, mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa katika mgawo, na India, iliyokuwa ikiuza karanga nyingi nje, ilikuwa ikipunguza mauzo yake. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine, katika mashamba makubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana. Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walikaa Afrika Mashariki wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka angani. Mnamo Septemba 1946 ripoti yao ilikuwa mezani.

Tarakimu za ripoti hiyo zinavutia hata leo. Ekari 3,210,000 zingefyekwa na kulimwa, zikigawanywa katika mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Jumla ya eneo hilo ni karibu kilomita za mraba 13,000, yaani zaidi ya mara tisa ya mkoa wa Dar es Salaam wa leo. Gharama ingekuwa takriban pauni milioni 24 kwa miaka sita. Katika mwaka wa kwanza pekee, ekari 150,000 zingekuwa tayari.

Namwomba msomaji ayapime malengo haya kwa vigezo tunavyovifundisha. Yalikuwa mahsusi, yalipimika, na yalikuwa na muda. Kigezo cha kufikika peke yake ndicho kilichobaki bila kuthibitishwa, kwa sababu kukithibitisha kulihitaji jambo ambalo watungaji wa mpango waliamua kutolifanya, yaani kuanza na shamba la majaribio. Hoja yao ilikuwa kwamba njaa ya mafuta haikuruhusu kusubiri. Waliona kwamba misimu miwili ya majaribio ingekuwa misimu miwili iliyopotea.

Kongwa iko Ugogo, katika uwanda wa katikati ya nchi ambako mvua ni chache na hazina ahadi. Wagogo wanaijua ardhi hiyo kwa gharama ya maisha. Njaa waliyoiita Mtunya, iliyowapiga mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa bado katika kumbukumbu za wazee wakati ndege ya wataalamu ilipopita juu yao. Kilimo chao cha uwele na mtama kikiambatana na ufugaji wa ng'ombe kilikuwa mpango wa uchumi uliozingatia hatari: mazao yanayovumilia ukame, na mifugo inayoweza kuhamishwa au kubadilishwa kwa chakula mvua inapogoma. Ndani ya utaratibu huo mlikuwa na taarifa za miongo mingi kuhusu mvua na udongo. Hazikuandikwa katika jedwali lolote, na katika hesabu za London zikawa kama hazipo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mpango huu ulijengwa juu ya imani kwamba wa kuulizwa hakuwepo.

Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mapema mwaka 1947, na hapo kazi ya pili, ya kuunda mfumo wa kazi, ikakutana na ukweli. Mashine zilipaswa kupita katika bandari ya Dar es Salaam ambayo haikuwa na uwezo wa kupokea mzigo wa namna hiyo, kisha kusafirishwa kwa reli moja nyembamba iliyokuwa tayari imelemewa. Matrekta mapya hayakupatikana kwa sababu dunia nzima ilikuwa ikiyatafuta, hivyo yakanunuliwa yaliyochakaa kutoka maghala ya kijeshi ya Mashariki ya Mbali. Baadaye vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Vipuri vilikuwa adimu na karakana hazikutosha. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi iliyojifunga chini ya ardhi, na mibuyu mikubwa haikung'oka kwa urahisi. Udongo ulikuwa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Wakati wa masika uliteleza kama utelezi wa bamia, na wakati wa kiangazi uligeuka tofali. Mchanga ule ulisaga majembe ya matrekta. Tena karanga ni zao linalokomaa ardhini, kwa hiyo hata zilipoota, kuzitoa katika tofali hilo ilikuwa shughuli nyingine.

Mwisho wa mwaka 1947, badala ya ekari 150,000 kulikuwa na takriban ekari 7,500, yaani sehemu moja kati ya ishirini.

Kazi ya tatu, ya kuongoza watu, iliendeshwa kwa lugha ya vita. Wazungu wengi walioajiriwa walitoka jeshini, na magazeti ya Uingereza yaliwaita jeshi la karanga. Meneja mkuu aliyepelekwa Kongwa, Desmond Harrison, alikuwa meja jenerali. Jeshi lina sifa yake kubwa: amri hushuka haraka. Lakini shamba linahitaji pia habari zinazopanda haraka. Maelfu ya vibarua Waafrika walikusanywa mahali palipokuwa na maji kidogo na chakula kidogo, na bei za vyakula katika eneo zikapanda. Septemba 1947 mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulienea kando ya Reli ya Kati. Wafanyakazi wa Tanganyika walikuwa wanasema jambo ambalo hakuna safu yoyote ya ripoti ya Wakefield iliyotengewa nafasi yake: kwamba mshahara haukutosha kuishi. Serikali ililishughulikia kama suala la utulivu na mishahara. Katika taaluma yetu tungesema zilikuwa taarifa kuhusu mpango wenyewe.

Mwaka 1948 usimamizi ulihamishwa kutoka kwa kampuni kwenda shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliendelea kuutetea mradi bungeni. Hapa ndipo kazi ya nne ilipoanguka. Kwa hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, wakaguzi walishindwa kuthibitisha kwamba vitabu vya shirika vilikuwa vimetunzwa ipasavyo. Shirika lililokuwa likitumia mamilioni ya pauni za walipakodi halikuweza kuonyesha kwa uhakika fedha zilikwenda wapi. Mwaka huohuo ukame uliipiga Kongwa. Alizeti, zilizokuwa zimepandwa baada ya karanga kukataa, nazo zikanyauka. Lengo likapunguzwa kutoka ekari zaidi ya milioni tatu hadi 600,000. Novemba 1949 wajumbe wawili wa bodi waliondolewa. Mmoja wao alikuwa Wakefield mwenyewe. Aliyeandika mpango akafukuzwa, na waliouidhinisha wakabaki vitini.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi umekwisha na kwamba pauni milioni 36.5 zimefutwa. Fedha zilizopotea zilizidi kwa mbali bajeti yote ya awali ya miaka sita, na karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika hilo, alikuwa tayari amechapisha kitabu kuhusu mkasa huo mwaka 1950.

Kwa haki, si kila kitu kilipotea. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa ili kusafirisha karanga za Nachingwea, ipo hadi leo na inapitisha korosho za wakulima wa kusini. Reli iliyounganisha Mtwara na Nachingwea haikubahatika hivyo: ilifungwa mapema miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Na Kongwa yenyewe, kuanzia mwaka 1964, ilipokea wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Historia iliipa matumizi ambayo hakuna mpangaji wa London aliyeyaota.

Mtu anaweza kusema kwamba kosa lilikuwa kulima karanga Afrika kwa ajili ya soko la Ulaya. Hapo nauleta mfano wa Kano, kaskazini mwa Nijeria, kwa sababu una uhusiano wa moja kwa moja na kisa chetu. Reli ilipoukaribia mji wa Kano mnamo 1911 na 1912, matumaini ya Waingereza yalikuwa kwamba wakulima wa Kihausa wangelima pamba kwa viwanda vya Lancashire. Wakulima walifanya hesabu yao. Karanga ziliwalipa vizuri zaidi, walizijua, na bei ikianguka wangeweza kuzila, jambo lisilowezekana kwa pamba. Wafanyabiashara wa Kihausa walisambaza habari na mikopo vijijini, na katika muda mfupi reli iliyojengwa kwa matumaini ya pamba ikajaa karanga. Miongo iliyofuata magunia ya karanga yalipangwa Kano kama mapiramidi, na United Africa Company ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Kilichonishangaza zaidi niliposoma historia hii ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Kongwa inachoma mamilioni, karanga za Kano zilikuwa zimelundikana zikisubiri mabehewa na vichwa vya treni. Mafuta ambayo Uingereza iliyalilia yalikuwa tayari yamelimwa kwa jembe la mkono na watu ambao hawakupewa lengo lolote. Tatizo lilikuwa usafiri. Mpango ulioanza kwa kuuliza kikwazo kiko wapi ungewekeza kwanza kwenye reli ya Nijeria. Mpango ulioanza na tarakimu kubwa uliishia kung'oa mibuyu ya Ugogo.

Mkulima wa Kano alipanga, aliunda mfumo, aliongoza na alidhibiti. Tofauti yake na shirika la London ni kwamba kwake kazi hizi nne zilikaa katika kichwa kimoja. Aliyeweka lengo ndiye aliyeona mvua imechelewa, na ndiye ambaye angelala na njaa kama amekosea. Hakuhitaji kuandika ripoti kwenda popote ili abadilishe mpango. Taasisi kubwa haiwezi kuwa na kichwa kimoja, na sidai kwamba tuachane na taasisi kubwa. Ninachodai ni kwamba ukubwa huzitenganisha kazi hizi nne, na kazi ya kiongozi ni kuziunganisha tena. Umbali kati ya anayeweka lengo na anayeona udongo usipozibwa kwa njia za uhakika za kusema ukweli, tarakimu huanza kuishi maisha yake yenyewe.

Baada ya uhuru tulirithi majengo ya wakoloni, na pia tabia zao za kupanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu ilianzisha vijiji vya makazi mapya vyenye matrekta, nyumba na wasimamizi, kwa gharama kubwa kuliko uwezo wa mashamba yenyewe kuzirudisha. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kusitishwa kwa utaratibu huo. Jambo hilo hatulisifu vya kutosha. Serikali changa ilitazama hesabu, ikakiri kwamba njia haikufaa, na ikaacha. Huo ndio udhibiti kwa maana ya Fayol. Laiti unyumbufu huo ungedumu hadi kampeni za kuhamishia watu vijijini za miaka ya 1970, pale idadi ya watu waliohamishwa ilipogeuka kuwa kipimo cha utendaji wa viongozi wa wilaya na mikoa.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye warsha ya kuandaa mpango mkakati wa taasisi moja ya umma. Tulipofika, lengo la ukusanyaji wa mapato lilikuwa tayari kwenye ukuta, limekuzwa mara mbili ya mwaka uliotangulia. Afisa mmoja kijana kutoka kituo cha mbali alisimama akaeleza, kwa adabu na kwa takwimu za kituo chake, kwamba gari walilonalo ni moja, na miezi minne ya mwaka barabara haipitiki. Mwenyekiti alimshukuru, akamwomba aje na mtazamo chanya. Watu wakacheka. Hakuna mwingine aliyesimama siku hiyo, wala mimi. Mwishoni mwa mwaka taarifa ilionyesha lengo limefikiwa kwa asilimia kubwa, kwa kuhesabu ahadi za malipo pamoja na malipo. Nilipoisoma nilijua kwamba ukimya wangu ulikuwa miongoni mwa takwimu zilizoiandika.

Kwa hiyo ninapowarudia wanafunzi wangu, nawaambia hivi. Katika taasisi yoyote mtakayoajiriwa, msiulize tu lengo ni lipi. Ulizeni lilipatikana wapi, nani wa chini kabisa aliulizwa kabla halijaandikwa, ni kiasi gani kilijaribiwa kabla ya kutumia fedha nyingi, na ni siku gani katika kalenda imetengwa kwa ajili ya kulibadilisha bila mtu kuadhibiwa. Kwa watumishi wa umma wenzangu naongeza kwamba ripoti inayoeleza kushindwa mapema ni ya bei nafuu kuliko pauni milioni 36.5. Kwa wanaharakati, mnapodai uwajibikaji msiishie kudai malengo yatimizwe. Wakati mwingine uwajibikaji ni kulazimisha lengo baya lifutwe kabla halijala watu.

Mwaka huu nimebadilisha swali langu la mtihani. Sitawauliza tena wataje kazi nne za uongozi. Nitawapa tarakimu za Kongwa za Desemba 1947, ekari 7,500 badala ya 150,000, kisha nitawaomba wajiweke katika nafasi ya fundi wa matrekta aliyeko pale, na waandike barua kwa mkubwa wake. Nitasahihisha barua hizo kwa makini kuliko nilivyowahi kusahihisha kitu chochote, kwa maana baadhi ya waandishi wake, baada ya miaka michache, watakuwa wamekaa katika viti vya kuzipokea.